Baba Akae Kwanza

Jumatatu, 4 Machi
Gego la binti yangu lina tundu. Kasema daktari wa meno aliyepita shuleni leo. Si jino la utoto. Ni la kudumu. Likizibwa wiki hii litapona. Likiachwa litang'olewa, na jingine haliji. Ana miaka saba tu! Mke wangu kaamuru nimpeleke. Binti kasema haendi, labda baba akae kitini kwanza. Wote wakanitazama. Nikasema, bila shaka! Huku ulimi ukifunika tundu langu mwenyewe, upande wa kushoto, ambako sijatafunia tangu mwaka jana. Siri yangu.

Jumanne, 5 Machi
Mpango tayari. Nimemwona daktari peke yangu. Nimemwomba ajifanye: nikae, nipanue mdomo, agongegonge, aseme safi, nishuke. Akasema sawa, baba. Kakubali upesi mno. Hapo nashtuka kidogo. Mimi ni kinyozi. Kila siku nawaahidi watoto kwamba mashine yangu ni nyuki asiye na mwiba.

Shemeji, mwenye kiti cha pili pale kinyozini, kauliza mbona nakunywa chai kichwa upande kama kuku aliyesikia mwewe. Nikasema shingo. Akasema atamfikishia dada yake habari za hiyo shingo. Ana meno meupe, na hucheka hata msibani ili yaonekane.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Nimekaa. Daktari kasema nitazame samaki waliochorwa darini. Hila yangu hiyo! Kinyozini nimebandika tausi kwa kazi hiyo hiyo. Bado nawasifu samaki, kioo chake kikafika kushoto. Akamwita binti aone. Binti akachungulia, akasema hilo si tundu, baba, hilo ni pango.

Uozo umefika kwenye mzizi, kasema daktari. Asafishe mzizi leo, azibe kwa muda, nirudi amalizie. Ama ang'oe. Nikasema nina mteja ananisubiri. Binti akanishika mkono. Akaniambia, kwa sauti yangu ileile ya kinyozini, tulia bwana mkubwa, anayetikisika ndiye anayeumia.

Sindano ya ganzi, mzizi ukasafishwa. Machozi yalitoka, lakini hayo ni mambo ya macho.

Kisha akapanda yeye. Tundu likasafishwa, likazibwa. Hata kwikwi ya kilio hakutoa! Kasema mabaya yote yalikwisha kwa baba. Gego limeokoka. Nimemnunulia mswaki mpya. Akaniuliza wangu una umri gani.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji kasimuliwa na binti, kamtangazia kila mteja habari za pango. Mzee mmoja kakataa kunyolewa mpaka nipanue mdomo alione pango. Nikapanua. Akasikitika kwa dhati, akaomba apunguziwe ndevu tu.

Nyumbani binti kasimama mlangoni mwa bafu kunisimamia. Nipige mswaki hadi nyuma, kasema, huko ndiko wadudu wanakohamia.

Jumapili, 10 Machi
Jino haliumi! Jino lisilouma limepona; kurudi ni kumsumbua daktari. Nilikuwa natafuta namna ya kumweleza mke wangu hayo, ndipo shemeji akaja uani, mkono mdomoni. Kasema kwa sauti ya chini kwamba fizi zake zinatoka damu kila akipiga mswaki, na nyingine zimevimba. Weupe wote ule! Nikataka kucheka. Nikamwangalia, nikashindwa. Anaogopa kama mtoto. Nikamwambia fizi hazingoji, aende mapema. Akauliza kama inaumiza. Nikasema hata kidogo, ni nyuki asiye na mwiba.

Akasema ataenda, shemeji, ila wewe ukae kwanza.

Nikakubali. Heshima ni heshima. Miadi yangu ni Ijumaa, saa tatu asubuhi, tutaitumia hiyo. Alhamisi nitapita kwa daktari peke yangu, nimwombe ajifanye.