Choo Kinachojijaza na Mama Mkwe wa Butiama

Jumatatu, 3 Machi 1986
Mimi bahati inanijua kwa jina. Mtaa wetu wote hapa Makoko wanachuchumaa, mimi nakaa. Choo cheupe, cha kuvuta mnyororo, nimepewa bure na meneja wa hoteli moja mjini, kwa kunipenda tu. Sisi tuliofika Kisumu na Mwanza tunapendwaga hovyo.

Na kimefika kwa wakati wake. Leo mama mkwe ameingia kutoka Butiama na donda la goti, kuchuchumaa hawezi. Hospitali ya hapa mjini wamesema aende kulisafisha kila siku mpaka lifunge, akiliacha mguu utaharibika. Mke wangu Ursula, huku anachambua dagaa, kanitamkia taratibu kwamba mama akiondoka hajapona, na yeye anaondoka naye. Nimemwambia asihofu, yuko kwangu, kwa Machage.

Kasoro moja ndogo tu. Tangi linajijaza lenyewe. Hakuna aliyevuta, unasikia shwaaa, kama kuna mtu kamaliza haja zake.

Jumanne, 4 Machi
Mkwe hajagusa choo tangu jana. Ursula kaeleza kwa aibu: mama akisikia maji anajua mimi nimo ndani. Kwao mama mkwe hapishani na mkwe wake mlango wa choo, afadhali apasuke. Mimi mwenyewe namheshimu mpaka basi, tunasalimiana ukuta ukiwa katikati. Sasa tangi linamwambia kwamba nashinda chooni!

Akili yangu haichelewi. Nimetoa kigoda uani, nikakaa peupe aone siko ndani. Nimekaa mpaka jua limeniunguza shingo. Jioni Ursula kaja kusema mama ananiona vizuri sana, na ndiyo maana hawezi kupita mbele yangu kwenda huko.

Nimerudisha kigoda.

Jumatano, 5 Machi
Alawi! Huyu fundi cherehani jirani yangu, ambaye choo chake cha shimo nimekichekaga miaka yote. Kachukua kiti kibovu, katoboa katikati, kakiweka juu ya shimo lake, halafu kamtuma mkewe kumkaribisha mkwe wangu. Kiti kilichotobolewa! Na mkwe kaenda, kamwegemea Ursula, wanavuka mawe pole pole.

Nilipopita kibarazani kwake akaniambia mbele ya wateja, "Machage jirani, usione haya. Choo chako kipumzishe. Mkwe tunaye."

Wateja wakacheka. Na mimi nikacheka, tena zaidi yao, ndiyo ukubwa.

Usiku Ursula hakucheka. Mama hataki kuwa mzigo kwa watu baki, na yale mawe yanamtonesha goti. Choo chetu kisipotulia, Jumapili anapanda basi la Butiama na donda lake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimelifungua tangi. Boya la ndani limechoka, nikaweka boya la wavu nililopewa na mvuvi. Kazi safi. Nikavuta, nikangoja, nikawasha sigara. Shwaaa.

Nikadandia lori mpaka Bunda kutafuta spea. Siku hizi biashara ruksa, wamejaza mitumba mpaka makoti ya theluji, lakini raba ya tangi hakuna. Mtunza gesti mmoja kanifundisha: tia bluu ya kufulia ndani ya tangi, ukae mbali na mnyororo, utazame bakuli. Nilikuwa najua, nilitaka tu kumpima.

Nimerudi, Ursula ananiambia nilipokuwa Bunda tangi lililia, mama akamuuliza, "Mwenzako karudi saa ngapi?"

Nimetia bluu. Bakuli limegeuka bluu bila mtu kuvuta. Kumbe maji yanavuja kwa chini, ndiyo maana tangi halichoki kujijaza. Boya la watu nimelitukana bure.

Ijumaa, 7 Machi
Raba nimeipata nyumbani. Ndala mpya ya Ursula, ya kulia. Nimekata duara, nikaipachika chini ya tangi.

Kimya. Kimya kama kanisa siku ya kazi. Ursula kaitazama ndala ya kushoto, kanitazama mimi, akaondoka pekupeku. Baadaye kaja kuniambia mama kasikiliza mchana kutwa, ameridhika, hapandi tena basi la Jumapili. Naona hata ndala imesamehewa.

Jumamosi, 8 Machi
Ningeweza kunyamaza. Lakini ushindi bila Alawi kuuona ni ushindi gani? Nimemfuata kibarazani, nikamwambia aache suruali ya watu, aje asikie choo kisichosema kitu. Kaja na tepu yake shingoni. Tukasimama uani, tukasikiliza. Alawi akakubali, kweli hakuna kitu. Nikamwambia bado, asogee asikie kwa karibu.

Hata hodi sikupiga. Nani anapiga hodi kwenye ukimya? Na komeo bado natafuta.

Nikafungua.

Mkwe alikuwa amekaa, kajitanda kitenge mpaka kichwani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba, rudisha mlango."

Nikaurudisha. Alawi alikuwa ameshageuka anatazama ziwa.

Jumapili, 9 Machi
Basi la Butiama limeondoka bila mkwe. Hospitali ataendelea nayo, mguu utapona, namshukuru Mungu. Ila amehamia kwa Alawi, na Alawi jana jioni alishaondoa mawe yote njiani. Ursula kamfuata mama yake na godoro, na ile ndala moja. Nimetumiwa salamu: nitafute kondoo wa kuondoa aibu, ndipo tuongee.

Nimekaa chooni peke yangu, nimefikiri, nimepata dawa. Mlangoni nafunga kengele ya baiskeli, anayeingia anapiga. Alawi nimeshamwalika kesho aje aisikie.

Kengele ninayo. Baiskeli yenyewe anayo yule meneja, ndiyo aliyoitaka ili aniachie choo. Cha bure hakikuwepo. Wala hanipendi.