Kompyuta ya Mwenyekiti Ameir

Mwezi Juni 2018 ilitangazwa rasmi kuwa Jumuiya ya Wafanyabiashara Wasemao Kiswahili, Johannesburg Kati, imeingia zama za kompyuta. Kompyuta yenyewe haikuwepo, ila hilo halikuzuia tangazo.

Mwenyekiti Ameir alikuwa amesoma kwamba imetimia miaka sabini tangu mashine moja ya Manchester, Uingereza, ianze kuhifadhi maagizo yake pamoja na hesabu zake, mahali pamoja. Kabla ya hapo, kila kazi mpya ilipokuja mafundi walichomoa nyaya na kuchomeka upya. Ameir alisisimka. Hata yeye kila mwombaji alipoingia alichomolewa kwenye chai yake!

"Kuanzia leo," akamwambia karani wake, Parfait, aliyewahi kuwa mlinzi na kwa kutii amri hana mpinzani, "maagizo yangu na maombi ya watu yataandikwa kwenye kadi na kukaa sanduku moja. Toa kadi ya mbele, itekeleze, irudishe nyuma. Mashine haifikiri."

"Sawa, Papa Président. Na mimi nisifikiri?"

"Wewe hasa."

Jumatatu msusi Hélène alileta kadi yake: *Naomba barua ya kibanda changu ipigwe muhuri.* Barua isipofika manispaa Ijumaa saa sita mchana, kibanda anapewa mwingine. Parfait akaisoma, akairudisha nyuma. Jumanne vilevile, Jumatano vilevile. Ameir akaandika kwenye ripoti kuwa kadi zote zinazunguka bila kukwama, ufanisi wa kutukuka. Ngazini foleni ilikuwa inatetemeka kwa baridi.

Alhamisi Hélène uvumilivu ukamwishia. "Eish! Parfait, bana! Kesho ninapoteza kibanda. Watoto watakula kadi?"

"Mama Hélène, roho inaniuma kweli. Lakini kadi yako inaomba tu. Haisemi nifanye nini."

Hélène akalitazama sanduku. "Na kadi za amri zinakaa humu humu?"

"Humu humu."

"Unazitofautisha vipi?"

"Nimekatazwa kufikiri."

"Sharp, nimeelewa. Nipe kadi mbili."

Ijumaa asubuhi Parfait alitoa kadi: *Piga muhuri barua ya Hélène.* Akapiga, tena kwa nguvu, na Hélène akashuka ngazi mbio huku anacheka peke yake. Kadi iliyofuata: *Peleka hita ya Mwenyekiti kwa wanaosubiri ngazini.* Akaibeba.

Saa nne Ameir aliingia, akakuta ofisi baridi kama bucha na ngazini watu wamevua makoti.

"Nani kakuamuru?"

"Sanduku, Papa."

"Irudishe hita yangu sasa hivi!"

"Hilo ni agizo la mdomo, Papa Président. Mambo ya nyaya hayo, tulishatoka huko."

Ameir akavuta kadi kwa hasira. Lakini miaka ishirini ya uongozi haikumtupa. Akaandika kwa mwandiko safi, kwa lugha ya ofisi: *Kwa heshima na taadhima, ninaomba nirudishiwe hita yangu.*

Parfait aliisoma mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akairudisha nyuma ya sanduku.