Sufuria Haimo Kwenye Orodha

Jumatano ile gazeti la mji lilifika dukani kwa Wilma kabla pai za nyama hazijatoka jikoni. Wilma, ambaye hajawahi kulala na habari tumboni, akalisoma kwa sauti palepale kaunta.

"Haya jamani! Viwanda vyetu vya magunia vinawekewa kibao cha shaba. Mtaa mzima wa Blackcroft. Vilikuwa kumi na kimoja, na majina yote yamepatikana."

"Soma," akasema Kengele.

Jina lake la kanisani ni Nettie Cargill. Lakini mashine za kusokota juti, zile nyuzi za magunia, zilimziba masikio angali binti, na tangu hapo akiomba chumvi mezani, hata ng'ambo ya mto wanaitafuta. Ndiyo maana mji mzima wa Dundee unamwita Kengele.

Wilma akasoma. Kengele akahesabu kwa vidole, na vilipokwisha akavitazama kana kwamba kimojawapo kimemwibia.

"Sufuria iko wapi?"

"Haimo, mama."

"Rudia."

Wilma akarudia polepole, kama mtu anayempoozea mtoto uji. Sufuria haikuwemo.

"Nimesokota nyuzi Sufuria miaka ishirini na miwili! Kama haikuwepo, mimi nilikuwa wapi? Nimelala?"

"Kwa nyuzi zenu zilivyokuwa zikikatika, mlikuwa mmelala," ikajibu sauti ya dirishani.

Huyo ni Glovu, Bi Ishbel Petrie, aliyekuwa mfumaji. Zamani wafumaji walikwenda kazini na kofia na glovu kama wanakwenda kubatiza, na wasokota nyuzi walikwenda na shali kichwani na manyoya ya juti hadi kwenye kope. Viwanda vimekufa, lakini Glovu hajaambiwa. Pai anakula na glovu moja mkononi, na tangu duka lifunguliwe hajawahi kuketi meza moja na Kengele.

"Wewe umesikia wapi, Glovu? Nimekuuliza?"

"Husemi, shoga, unatangaza. Nifanyeje?"

"Jamani," akaanza Birika kutoka meza ya pembeni, "hiyo Sufuria mimi..."

"Birika, nyamaza!" wakasema wote wawili kwa pamoja. Ndilo jambo pekee wanalokubaliana.

Birika ni mzee Dod Mathers. Mji huu uliajiri wanawake kwa kuwa ujira wao ulikuwa rahisi, na wanaume wakifika umri wa ujira wa mtu mzima walionyeshwa mlango. Dod akakaa nyumbani akalea watoto watatu, akafua, akachemsha chai, mkewe Peg akaenda kazini. Mambo ya viwanda yakizungumzwa, Birika anahesabiwa kama jongoo kwenye mbio.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Morven, mtafiti wa chama cha kumbukumbu za mtaa kilichoandaa kibao, na ramani kwapani. Alikuwa na njaa, maskini. Wilma akamkatia pai kabla hajaomba, akaisukumia karibu naye.

"Bi Morven," akasema Kengele, na Bi Morven akaruka kidogo, "umenifuta."

"Nimekufuta wapi, bibi?"

"Sufuria. Ule mvuke paani kama viazi vinachemka, nani asiyeujua? Dada yangu Bella aliingia mle na miaka kumi na minne, akatoka na kifua kilichojaa vumbi, akazikwa na thelathini na mmoja. Hana picha, hana mtoto. Nataka nipate pa kusimama niseme, hapa Bella alifanya kazi."

Bi Morven akaacha pai, akakunjua ramani mezani, akaibana kwa chupa ya mchuzi.

"Nimetafuta miezi minane, bibi. Vitabu vyote. Hakuna kiwanda kilichoitwa Sufuria. Na orodha inakwenda kwa mchongaji leo saa sita mchana. Nionyeshe kilikuwa wapi."

Kidole cha Kengele kikashuka kama shoka. "Hapa. Mkabala na baa ya Samaki Watatu."

"Hapo palikuwa na baa ya Jogoo!" akasema Glovu.

"Jogoo ilikuwa mbele."

"Mbele ya nini?"

"Ya hiyo baa nyingine!"

"Mabibi," akasema Bi Morven, "mtaa huu ulikuwa na baa ishirini na sita. Tusiende kwa baa."

Glovu akainuka, akaja kuichungulia ramani. Uso ukambadilika. "Toa kidole chako, Nettie. Hapo ni Lorimer na Wanawe. Nilifuma kitani na magunia hapo miaka thelathini. Na Lorimer imo kwenye orodha, namba saba."

"Hapo ni Sufuria!"

"Ni Lorimer!"

"Sasa hivi ni ukumbi wa mazoezi," akasema Wilma. "Watu wanalipa watoke jasho palepale mlipolipwa kulitoa."

"Walitulipa?" akauliza Kengele.

Hapo ugomvi ukaingia ndani ya midomo. Wanawake wa viwanda walizoea kusemezana kwa midomo na mikono, kwa kuwa mashine hazikuacha sauti ipite. Basi wakasimama uso kwa uso, midomo ikicheza, vidole vikiruka, bila sauti hata ya nzi. Bi Morven akatazama kwa mshangao.

"Wanasema nini?"

"Mimi siwezi kurudia," akasema Wilma, ambaye mama yake alikuwa mfumaji. "Lakini mama mzazi wa Bi Ishbel ametajwa, na mbuzi pia."

"Jamani," akasema Birika.

"Nyamaza!" Sauti zikarudi zote mbili.

Safari hii Wilma akapiga kaunta kwa kijiko. "Mwacheni aseme! Mtu anaomba neno tangu malkia angali mchumba."

Birika akavua kofia, akaipapasa. "Peg wangu alikuwa Sufuria. Saa sita mchana nilimpelekea mtoto anyonye. Nilisimama pale kona, uchochoro unapokutana na barabara kuu. Mkono wa kushoto naona shali zinatoka. Mkono wa kulia naona kofia zinatoka. Dohani moja. Boila moja ya mvuke. Tajiri mmoja, na farasi wake mmoja mwenye chongo. Ni kiwanda kimoja, mabibi. Wafumaji geti la mbele, wasokotaji geti la nyuma, na ukuta katikati ya ua msije mkachanganyika."

"Haiwezekani," akasema Glovu. "King'ora chetu kililia saa kumi na mbili kamili."

"Na chetu pia," akasema Kengele, safari hii kwa sauti ndogo. "Sisi tulidhani chenu ni mwangwi."

"Sisi tulidhani chenu ndicho mwangwi!"

"Jina si lilikuwa ukutani?" akauliza Bi Morven.

"Ukuta wa mbele, mwanangu," akasema Kengele. "Mimi nilishikwa mkono na mama nikapitishwa uchochoroni. Nilikwenda kufanya kazi, sikwenda kusoma kuta. Na bahasha ya mshahara ilikuwa na namba yangu tu."

"Dod," akasema Glovu, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina, "miaka yote hii kwa nini hukusema?"

"Nimesema kila Jumatano."

Saa ya ukutani ilikuwa sita kasoro dakika kumi. Bi Morven akatoa orodha na kalamu, lakini uso wake haukuwa na furaha. "Basi kiwanda kimo tayari, bibi Nettie. Jina lake ni Lorimer. Mstari ni mmoja kwa kiwanda, na jina la vitabuni ndilo linaloingia, isipokuwa waliofanya kazi humo wakubaliane vingine."

Kengele akaitazama namba saba. Lorimer na Wanawe. Hakumjua Lorimer, wala hao wanawe, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukohoa kwa vumbi. Akafunga shali. "Sawa, mwanangu. Umejitahidi. Asante." Na hiyo sauti yake ndogo ikawaumiza watu kuliko ile kubwa.

Ndipo Glovu akavua glovu yake, akachukua kalamu kwenye mkono wa Bi Morven bila kuomba, akaukata mstari wa saba. Aliandika kwa mwandiko wa shule, taratibu: *Sufuria*. Kisha chini yake, kwa herufi ndogo: *vitabuni, Lorimer na Wanawe*.

"Bi Ishbel, una hakika?" akauliza Bi Morven.

"Lorimer ana kaburi kubwa na sanamu. Vinamtosha."

Midomo ya Kengele ikacheza bila sauti, na Glovu akaisoma, akajibu vivyo hivyo. Wilma aliona yote, na kwa mara ya kwanza maishani akaenda jikoni bila kutafsiri.

Bi Morven akakimbilia kwa mchongaji, na kipande cha pai mkononi. Glovu akachukua mkoba wake, akaelekea barabara kuu kama kawaida yake. Akasimama mlangoni.

"Nettie. Huo uchochoro wenu sijawahi kuupita. Unapitika?"

"Unapitika," akasema Kengele, akimshika mkono. "Sisi tulitembea kwenye matope miaka ishirini na miwili. Lami waliweka wiki ile kiwanda kilipofungwa."