Wanacheka Nini Chumba cha Nyuma?

Jumatatu, 4 Machi

Wameziba kioo cha mlango kwa kitambaa cha maua. Mimi ndiye msimamizi wa jengo, funguo zote ninazo, lakini kinachoendelea chumba cha nyuma sikijui. Eti ni kundi la sanaa la watu waliohamia mjini: wanachora, wanafuma, wanaimba kwa lugha zao. Mwalimu wao anasema wanataka mahali pa kupumua bila kutazamwa. Kupumua! Kwani ukumbini hakuna hewa?

Mbaya zaidi, mama mkwe wangu yumo. Kwangu hacheki ng'o. Humo nimemsikia akicheka mpaka anakohoa.

Jumanne, 5 Machi

Nimemuuliza mke wangu mama yake anacheka nini. Kasema niache kumchimba mzee wa watu. Basi naye anajua. Wanataka kuning'oa, mwalimu akabidhiwe jengo. Sijazaliwa jana.

Alhamisi, 7 Machi

Nilijibanza ndani ya kabati la mavazi ya maigizo kabla hawajafika. Fundi cherehani, yule dada asiyesema na mtu, akaanza kuimba. Sauti ndogo, kama mtu anayejaribu daraja bovu. Sikuelewa neno, ila mwili ulinisisimka.

Halafu unyoya wa kofia ukaniingia puani. Chafya! Nikaanguka nje na joho begani. Hakuna aliyecheka. Fundi cherehani akakusanya vitu vyake, akaondoka. Mama mkwe akanigeuzia mgongo.

Ijumaa, 8 Machi

Mwalimu kanifuata ofisini. Hakupaza sauti.

"Kaka, hawa wamehojiwa na kuchunguliwa kila walikopita. Yule dada hajawahi kuimba tangu afike. Jana ndiyo alikuwa anaanza."

Nikaomba radhi, na kwa kweli roho iliniuma. Akasema siku nyingine nibishe hodi, nisubiri kukaribishwa. Nibishe hodi kwenye jengo langu! Nikakubali. Shingo upande, lakini nikakubali.

Jumatano, 13 Machi

Fundi cherehani karudi. Nikabisha hodi. Wakanong'onezana, wakamuuliza yeye kwanza, kisha mama mkwe akafungua.

"Karibu, baba. Kaa, usikilize tu."

Wakanipa kiti chenye mto. Yule dada akaimba mpaka mwisho. Machozi yalinitoka, sikuyafuta.

Sasa niko nyumbani, nawaza. Wengine wote walikalia mbao tupu. Mto wa nini? Nani humwekea mtu mto bila sababu?

Kesho nitaupasua nione kuna nini ndani.