Mafuta ya Bata Bukini Mbele ya Historia

Taifa linatangaziwa kwamba, kuanzia Machi 1951, hakuna mhusika wa riwaya atakayeruhusiwa kupita vitani bila Historia kumpitia kifuani. Ndivyo usemavyo waraka wangu, mimi Gedeon Szalkai, Mkuu wa Idara ya Kuoanisha Watu na Historia, Budapest.

Wa kwanza kufika mezani kwangu alikuwa mwandishi mmoja mjane, Bibi Etelka Bodrogi. Katika riwaya yake ni Januari 1945, mji unakombolewa, mizinga inanguruma, na sura nzima watu wamejificha chini ya jengo wakigombania chungu cha mafuta ya bata bukini. Sura hiyo niliikata kwa wino mwekundu.

"Bibi, Historia iko wapi hapa?"

"Ilikuwa juu, barabarani. Sisi tulikuwa chini na njaa zetu."

"Na huyu bwana aliyejitanda shali ya mkewe, analamba upawa, anawakilisha tabaka gani?"

"La walafi, Ndugu Mkuu."

"Mtu mmoja si kitu. Andika umma."

"Nimekiandika miaka sita kitabu hiki. Ukiitoa sura hiyo, mimi nimebaki na nini?" Machozi yalimlenga, lakini hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la wageni akafuma soksi, siku tatu mfululizo.

Siku ya tatu kitengo cha watumishi kikanirudishia wasifu wangu. Kwetu kila mtumishi huandika maisha yake upya kila mwaka, kwa mkono. Wangu ulikuwa mtamu ajabu: umma ulisonga, zama zikageuka. Pembeni wameandika: "Mji ulipokombolewa, wewe mwenyewe ulikuwa wapi? Leta shahidi kabla ya Ijumaa, la sivyo kazi huna."

Majirani niliojificha nao chini ya jengo Januari ile wametawanyika, na ushahidi pekee kwamba nilikuwepo duniani ni sura niliyoikata. Nikasogea kwenye benchi.

"Bibi Etelka, ile shali ilikuwa ya kijani?"

"Ya kijani, yenye matamvua. Nilikuwa nangoja uulize."

Nikaigongea sura muhuri palepale, nikaipeleka kitengoni. Kitengo kilisoma, kikaridhika kwamba nilikuwepo, kikaagiza sura isomwe kwa sauti mbele ya watumishi wote. Wahudumu wa kantini nao walialikwa.

Nilimfuata Bibi jikoni kwake, kofia mkononi. "Bibi yangu, nisitiri kidogo. Badala ya upawa, andika kijiko."

Aliendelea kumenya viazi. "Pole, Ndugu Mkuu. Nibadilishe historia nzima kwa ajili ya mtu mmoja?"