Mashine Iliyokondesha Miti Yangu

Kwa Ndugu Mkuu wa Idara ya Miti na Bustani,
Halmashauri ya Jiji.

YAH: MASHINE YENU KUISINGIZIA UGONJWA MITI 2,318

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kiti chako hakijaanza kulia kama kilivyomlilia mtangulizi wako. Mimi ni mpima miti mstaafu wa idara yako. Jina langu huenda hulijui, maana hapo ofisini tangu zamani naitwa Mzee Kumbatio, na hata kwenye kadi ya kuniaga waliandika hivyo hivyo. Kwa miaka thelathini na moja nimepima miti ya mitaa ya jiji hili kwa kuikumbatia.

Kwa kuwa wewe umekuja juzi, acha nieleze. Wiki yangu ya kwanza kazini, utepe wa idara ulipotea. Mkuu wa wakati huo, baba mmoja mrefu aliyekuwa akiinama kila mlango, aliniambia, "Wewe tumia mikono tu, utepe mwingine tunaagiza." Akanyoosha mikono yake, fundi seremala akampima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, na ukutani ikaandikwa kwa rangi nyekundu: PIMA MOJA NI FUTI SITA. Utepe ulioagizwa haujafika hadi leo. Basi mimi nikawa nakumbatia na kuhesabu pima, karani anazidisha kwa sita, daftari linajaa. Hakuna mti uliowahi kulalamika.

Mwezi uliopita mkaleta mashine. Inabebwa mgongoni na mhandisi, mama mmoja mpole mwenye viatu imara, na ina kichwa kinachozunguka bila kuchoka. Yeye anatembea zake barabarani, mashine inarusha mwanga, mwanga unarudi na unene wa kila mti, na picha inatokea kwenye kishikwambi. Majibu yametoka: miti yote 2,318 imekonda kwa sehemu moja ya sita tangu nilipoipima mara ya mwisho, mwaka jana. Na wewe, Ndugu Mkuu, umetia sahihi kwamba huo ni ugonjwa, na kwamba misumeno inaanza Jumatatu katika mtaa wetu, kwa mti namba moja, ulio mbele ya mlango wangu. Huo ndio mti wa kwanza niliowahi kuukumbatia kikazi. Naupenda, nasema wazi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashine haikugusa mti hata mmoja. Nilimwuliza mhandisi, akanijibu kwa adabu, "Mzee wangu, hii haina haja ya kugusa." Ndugu Mkuu, hata anayenunua nyanya hubonyeza kwanza.

2. Mtaa wetu wenye miti arobaini na mmoja aliumaliza kabla chai yangu haijapoa. Mimi mtaa huo ulikuwa ukinichukua siku tatu, kwa sababu mti haukumbatiwi kwa pupa. Kuna siafu. Kuna misumari ya mabango. Kuna wapita njia wanaosimama kukuuliza kama nyumbani kuna matatizo, na ukiwaambia uko kazini ndipo wanapokuonea huruma zaidi.

3. Miti ina haya. Mtu yeyote akienda kupimwa nguo huvuta tumbo ndani, na mimi naamini miti ilipoona kile kichwa kinazunguka, ilivuta tumbo. Mimi ilikuwa imeshanizoea. Kwangu ilikuwa inapumua.

4. Huu ni ugonjwa gani usiobagua? Mwarobaini umekonda sehemu moja ya sita. Mkuyu, sehemu moja ya sita. Msonobari wa pale hospitali, ambao hausalimiani na mti mwingine wowote, sehemu moja ya sita. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: nguzo ya umeme ya kona ya soko, ambayo niliikumbatia kwa bahati mbaya asubuhi moja ya ukungu ikaingia daftarini, nayo imekonda sehemu moja ya sita. Wataalamu wako wameandika kwamba nguzo imeambukizwa.

5. Mashine imeivuruga nyumba yangu. Ili kuthibitisha usahihi wa mikono yangu nilimleta shahidi, yaani mke wangu, ambaye ni fundi cherehani. Unawajua mafundi, hupima vya watu, vyao hawapimi. Mimi ndiye niliyempima kila mwaka wa ndoa yetu, na katika daftari la nyumbani kiuno chake ni robo tatu ya pima, yaani futi nne na nusu. Nikamwomba mhandisi ampitie na mwanga wake. Mashine ikasema futi tatu na robo tatu. Mke wangu alikisoma kishikwambi mara mbili, akamvuta mhandisi ndani, akampikia. Tangu siku hiyo yuko upande wa mashine. Nilipomweleza kwamba kwa hesabu za idara huenda naye ameshikwa na ugonjwa wa miti, hakunisemesha siku mbili, na siku ya tatu alinisemesha, nikatamani ile ya pili.

6. Sasa naomba ukae vizuri. Kanuni ya majengo ya halmashauri inasema chumba chenye upana usiofika pima tatu na nusu ni stoo. Ofisi yako niliipima mimi, ukuta hadi ukuta, ikatoka pima nne kamili, na kwa pima hizo ikapewa hadhi ya ofisi. Ikiwa mashine inasema kweli, basi ofisi yako nayo ipunguzwe sehemu moja ya sita, na itabaki pima tatu na theluthi. Hiyo ni stoo, Ndugu Mkuu. Anayekaa stoo ni mtunza stoo, na mtunza stoo hasaini amri ya kukata miti, anasaini mafagio. Chagua mwenyewe: ama mashine imekosea na miti yangu ni mizima, ama mashine iko sawa na wewe unatunza mafagio. Kwa vyovyote vile, Jumatatu msumeno haulii.

Kwa hiyo naomba mashine isimamishwe kazi na igeuzwe ukutani mpaka itakapojirudi. Naomba pia Jumatatu watumishi wote wa idara, kuanzia wewe, wafike mtaani kwetu saa mbili kamili, wavue makoti na wakumbatie mti mmoja mmoja ili wajue tunazungumzia nini. Na ile nguzo iachwe kabisa. Haikuomba kuwa mti.

Nisalimie mlinzi wa getini pamoja na goti lake, mama wa mapokezi, na karani aliyezidisha kwa sita miaka yote hiyo bila kuuliza swali. Mhandisi naye msalimie, mke wangu anamwulizia kila siku. Mashine usiisalimie.

Ni mimi wako, ninayesimama na miti hadi mwisho,

Mzee Kumbatio
Mpima Miti (Mstaafu)

Tanbihi: Kabla ya kuifunga bahasha nilimsomea mke wangu barua hii. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka sindano chini, akasema, "Baba watoto, umepima kila kitu katika jiji hili. Hebu simama na wewe, nyoosha mikono." Akanipima kwa utepe wake wa kushonea, kidole hadi kidole. Futi tano. Nikamwambia utepe umechakaa, akatoa mpya. Futi tano. Nikasimama kwa ncha za vidole vya miguu, jambo ambalo haliirefushi mikono. Futi tano.

Ndugu Mkuu, malalamiko namba moja hadi sita yafute. Mashine inasema kweli. Miti haijakonda hata kidogo. Ni mimi niliyekuwa nikiinenepesha, miaka thelathini na moja, kwa mikono ya futi tano iliyoandikwa sita. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa ninayeficha ni mimi, na itakayokufa ni miti. Waambie watu wa misumeno warudi nyumbani. Wakiuliza sababu, waambie sababu.

Barua hii siitumi kwa posta, isije ikachelewa. Naileta mwenyewe leo hii, na mke wangu anakuja na utepe. Ukitaka kuhakikisha, waite watumishi wote, nami nitasimama mbele yao ninyooshe mikono. Nitaona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu, lakini nitanyoosha.