Barafu za Ubuyu kwenye Friji ya Dawa

Jumatatu, 5 Oktoba 1992
Joto la Dodoma halina adabu. Na mimi Halfani, mtunza stoo ya dawa, nina friji nzima ya hospitali. Ndani kuna nini? Mifuko minne ya chakula cha mshipani cha Mzee Methusela wa Mpwapwa, aliyekatwa utumbo na haruhusiwi kumeza kitu. Minne tu! Siku hizi biashara ni ruksa. Nimeingiza barafu sitini za ubuyu.

Jumanne, 6 Oktoba
Hazijaganda! Sista Anyesi, mkuu wa wodi, ameweka baridi namba mbili. Anasema chakula kile ni mafuta, sukari na vitamini vilivyochanganywa kwa kipimo. Kinataka ubaridi, hakitaki kuganda. Ananifundisha friji, mimi! Alipokwenda chai nikapeleka namba saba.

Jumatano, 7 Oktoba
Barafu mawe matupu! Zimekwisha kabla ya saa sita. Hata daktari kanunua mbili.
Mchana, balaa. Mifuko ya mzee nayo iliganda. Ilipoyeyuka, mafuta yakaelea juu, ya manjano. Nikamshauri Sista aitikise tu. Bibi yangu hutikisa kibuyu cha maziwa kila siku na hajaua mtu. Akasema mafuta yale yakikwama mapafuni, mzee hana maisha. Akamwaga yote minne! Akauliza nani kagusa friji. Nikasema ni mgao wa umeme. Mgao wa umeme ugandishe! Ulimi huu utaniponza.

Alhamisi, 8 Oktoba
Mzee kashinda na dripu ya maji ya sukari, midomo imepasuka. Nilimwamkia mkewe, Mama Loisi. Akanishukuru kwa kumtunzia mumewe chakula. Niliona aibu, kweli niliona. Halafu nikakumbuka aliyekimwaga ni nani. Anyesi!

Ijumaa, 9 Oktoba
Mifuko mipya imeletwa kwa landrova. Mzee kafumbua macho, kaulizia ugali. Nimefurahi, ila nani kanipa pole mimi? Mganga mkuu kaninyang'anya ufunguo wa friji, kanihamishia wodi ya watoto njiti, nihesabu mashuka. Kisa? Kifuko kimoja kitupu cha barafu ya ubuyu, nyuma ya mifuko ya mzee. Wivu wa biashara, basi!

Jumamosi, 10 Oktoba
Wodi mpya. Kuna visanduku viwili vya kioo vya kuwapa joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Nyuzi thelathini na saba, usiku na mchana. Mtoto yupo mmoja tu. Kisanduku cha pili kitupu!
Nimemtumia salamu shangazi yangu wa Kondoa. Alete mayai thelathini, ya kuku wanaoishi na jogoo.